Mchoraji na Mkewe: Maisha ya Rembrandt

Ukurasa huu wa wasifu kwa kawaida ni wa washairi na mashujaa wetu, na najua wapo watakaouliza Mholanzi ametokea wapi katika jarida la Chama cha Kiswahili. Naomba mnivumilie. Mholanzi huyu nilikutana naye kwa sababu ya nyanya yangu, na nyanya yangu alikuwa mtu wa Feri.

Wale mnaovuka kutoka Likoni kila asubuhi huenda mnamkumbuka. Alikaa upande huu wa kisiwani, pale watu wanapomwagika kutoka kwenye feri kama mchele uliopasukiwa na gunia, na mbele yake beseni la mahamri na sufuria ya mbaazi. Alikaa hapo miaka na miaka. Picha alikuwa hapendi. Wengi kwetu hawapendi taswira ya mtu kutundikwa ukutani, wana sababu zao za dini, na mimi simbishii mtu katika hilo. Hata simu za kupiga picha zilipoingia, akiona mtu kainua simu alijifunika uso kwa leso. Basi alipofariki, sura yake tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho tu, ndogo kama stampu.

Nina mjomba ambaye kazi yake ni kuandika mabango ya vibanda na majina ya mashua. Nikamwomba amchore nyanya kwa kutazama kile kitambulisho. Alijaribu siku tatu. Aliyetokea kwenye ubao alikuwa mama mmoja mzuri tu wa makamo, lakini si yeye. Mjomba aliniambia kuwa amekula kwa mkono wa mama yake miaka arobaini, na sasa hakumbuki ule mkunjo wa pembeni mwa mdomo ulikuwa kushoto au kulia. Akaugeuza ubao, akaandika upande wa pili bei ya chai na chapati. Upo Feri mpaka leo, nyanya akiwa ameelekea ukutani.

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa sanaa, hakusema neno. Alifungua kabati, akanitolea kitabu kikubwa cha picha na kunifungulia ukurasa mmoja. Palikuwa na mwanamke kijana amevaa kofia pana ya ukindu iliyozungushiwa maua. Ameegemea mkono mmoja, kidole kimegusa shavu, na mkono wa pili umeshika ua. Anatazama mbele kama mtu anayetaka kucheka lakini ameambiwa atulie. Chini yake pameandikwa maneno kadhaa ya Kiholanzi, na mwalimu akanieleza maana yake: kwamba huyo ni mke wa mchoraji, alipokuwa na umri wa miaka 21, siku ya tatu baada ya wao kufunga uchumba, tarehe 8 Juni 1633.

Siku ya tatu, bwana! Wengine siku ya tatu baada ya posa bado wanahesabu sahani zilizovunjika.

Mchoraji huyo ni Rembrandt van Rijn, na mwanamke ni Saskia. Rembrandt alizaliwa tarehe 15 Julai 1606 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Baba yake alikuwa msagaji, mwenye kinu cha nafaka kilichozungushwa na upepo, na mama yake alikuwa binti wa mwokaji mikate. Kwa hivyo nyumba yao ilikuwa ya unga mtupu, kama kwetu. Wazazi walimsomesha, jina lake likaandikwa hata katika chuo kikuu cha Leiden, lakini kijana moyo wake haukuwa huko. Akapelekwa kwa mchoraji mmoja wa mjini, akakaa kama miaka mitatu, kisha akaenda Amsterdam kwa Pieter Lastman kwa miezi sita hivi. Akarudi Leiden na kufungua karakana yake mwenyewe akiwa bado hajafika miaka ishirini.

Mnamo mwaka 1631 alihamia Amsterdam, mji uliokuwa umejaa meli na pesa. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, hapa kwetu Mombasa Sultani Yusuf bin Hassan aliwageuka Wareno na kuitwaa Fort Jesus. Nalitaja hilo kwa sababu ukiingia Fort Jesus utaiona michoro ambayo Wareno wa karne ileile waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, watu, na vitu vinginevyo. Nilipoiona nilifikiria kwamba wakati askari wale, mbali na kwao, wakikwaruza ukuta kwa makaa, huko Amsterdam kulikuwa na kijana akijifunza kwamba kila kifaa cha kuchorea kina tabia zake, na usipozijua kitakuumbua.

Amsterdam alifanya kazi katika karakana ya Hendrick Uylenburgh, mfanyabiashara wa picha. Huko ndiko alikomjua Saskia, jamaa ya Hendrick. Saskia alitoka Leeuwarden, kaskazini mwa nchi. Baba yake alikuwa mwanasheria na meya wa mji, lakini kufikia umri wa miaka 12 binti alikuwa ameshafiwa na wazazi wote wawili. Kwa hesabu za dunia, mtoto wa meya na mtoto wa msagaji hawalingani. Lakini kijana alikuwa ameanza kupata jina, matajiri wakimpangia foleni awachore. Walifunga uchumba tarehe 5 Juni 1633 na wakaoana mwaka uliofuata, 1634.

Sasa nirudi kwenye ule mchoro wa siku ya tatu, maana ndio ulionishika koo. Ni mdogo, urefu wake hauzidi sentimita 19 na upana kama sentimita 11, yaani mdogo kuliko daftari letu la mazoezi. Haukuchorwa kwa penseli wala kwa wino. Umechorwa kwa fedha. Nasema fedha yenyewe, ile ya bangili na kikuku. Mchoraji huchukua kijiti chenye ncha ya fedha, lakini fedha haiandiki kwenye karatasi tupu, huteleza tu. Lazima kwanza karatasi au ngozi ipakwe rangi nyeupe iliyochanganywa na gundi, na ndani yake kitu kigumu kilichosagwa laini kama majivu ya mifupa. Ikikauka inakuwa kama msasa laini sana. Ukipitisha ncha ya fedha, ule msasa unaila kidogo kidogo, na chembe zake zinabaki pale kama mstari wa kijivu. Rembrandt alitumia ngozi ya mnyama iliyolainishwa na kupakwa hivyo. Kadiri miaka inavyopita, fedha hubadilika kwa hewa, kama bangili iliyosahauliwa sandukuni, na mstari wa kijivu ukaelekea hudhurungi.

Kuna mambo mawili niliyoyaelewa baada ya kujaribu mwenyewe na pete kuukuu ya fedha na kipande cha kadi nilichokipaka rangi nyeupe ya ukutani. La kwanza, mstari wa fedha haukozi. Hata ukikandamiza mpaka kidole kiume, haufanyi weusi, bali unachana kadi. Ukitaka kivuli inabidi upitishe mistari myembamba juu ya mistari, tena na tena, kwa subira. La pili, raba haifanyi kitu. Ukikosea, kosa limekaa hapo na wewe, isipokuwa ukwangue rangi yenyewe na kuharibu kila kitu. Kwa hivyo anayechora kwa fedha hutazama sana kuliko anavyochora. Hutazama, hutazama, ndipo anaposogeza mkono.

Uangalieni mchoro wa Saskia kwa macho hayo. Kofia na maua amevipitia haraka, mistari inaruka kama mtu anayeandika barua. Usoni mkono umepungua mwendo. Kope, pua, na ule mdomo unaotaka kucheka vimewekwa kwa mistari myembamba ambayo ukiisogelea karibu inapotea. Hakuna pa kurudia. Kijana wa miaka 26, siku tatu baada ya kukubaliwa, amekaa mbele ya mchumba wake na kifaa kisichosamehe, na hakukosea. Siamini kwamba ni ufundi peke yake. Nadhani uso ule alikuwa ameshautazama muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Baada ya hapo alimchora kwa kila namna. Mwaka wa ndoa yao, 1634, alimpaka rangi akiwa amevikwa maua kichwani na fimbo ya maua mkononi, kama Flora, mungu wa maua wa Warumi wa kale. Mnamo 1635 alijichora mwenyewe ameinua bilauri ndefu ya kinywaji, ametoa meno, na Saskia amepakatwa magotini akiigeukia hadhira. Hapo alikuwa anaigiza kisa cha mwana mpotevu akitapanya mali. Mzaha huo uliwatokea puani. Jamaa za Saskia walianza kunong'ona kwamba binti anafuja urithi wa wazazi wake kwa mapambo na majivuno. Mwaka 1638 Rembrandt aliwashtaki mahakamani kwa kumchafulia jina, akashindwa. Mwaka uliofuata alinunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000, deni ambalo hakuwahi kulimaliza. Hapo mimi naona jamaa hawakuwa wamekosea sana.

Lakini ndani ya nyumba mambo hayakuwa karamu. Mtoto wao wa kwanza, Rumbartus, alizaliwa mwaka 1635 na akafa mchanga. Binti aliyefuata, Cornelia, alizaliwa 1638 akafa. Wa tatu, wakampa jina lilelile la Cornelia, alizaliwa 1640 akafa naye. Mwaka 1641 akazaliwa Titus, na huyo ndiye aliyeishi. Wanne kwa miaka sita, na watatu wamezikwa. Wenye mama zao nyumbani wanajua hesabu hiyo inamfanya nini mwanamke.

Na hapa ndipo ninapomheshimu mchoraji huyu. Alimchora mkewe kitandani. Si mara moja. Ipo michoro kadhaa ya kalamu na wino wa hudhurungi ya mwanamke aliyelala, amejiinamia kwenye mto, macho mazito, pazia limefunguliwa nusu. Huu si ufundi wa fedha tena. Hapa kalamu ya unyoya inakimbia, mistari minene imekatwakatwa, kisha burashi yenye wino uliozimuliwa kwa maji inapita mara moja kuweka giza la chumba. Katika mmoja wa michoro hiyo mwanamke yuko kitandani, na mbele, karibu na miguu ya kitanda, ameketi mwanamke mwingine, labda muuguzi. Yule wa mbele amechorwa kwa mistari myeusi mizito, na yule wa kitandani kwa mistari myepesi, kwa hivyo macho yako yanavuka chumba chote kumfikia. Ni dakika chache za kazi. Mchoraji hakuwa anatengeneza kitu cha kuuza, alikuwa ameketi na mgonjwa na mikono yake haikujua kutulia.

Alichonga pia picha katika bamba la shaba. Kazi hiyo ilinivutia kwa sababu inafanana na ya sonara. Bamba hupakwa nta ngumu, mchoraji akaikwaruza nta kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha bamba likatiwa ndani ya tindikali. Tindikali hula pale palipokwaruzwa tu. Nta ikiondolewa, wino ukapakwa na kufutwa, unabaki ndani ya vijifereji, na karatasi iliyolowa ikigandamizwa juu yake inautoa. Mwaka 1636 alitengeneza bamba linalomwonyesha yeye mbele na kalamu mkononi, Saskia nyuma yake upande mmoja, mdogo, kana kwamba ameingia kuuliza chakula kimechelewa au vipi.

Mwaka 1641 alimpaka rangi za mafuta akiwa amenyoosha mkono na ua jekundu, mkono wa pili kifuani. Ua lile la siku ya tatu limerudi, miaka minane baadaye. Uso umejaa zaidi, na kicheko kimeondoka.

Picha nyingine ya Saskia ni ile iliyoko Kassel, Ujerumani. Aliianza mwanzoni mwa maisha yao na akaimaliza mnamo 1642, kwa hivyo ilikaa karibu naye karibu muda wote wa ndoa. Imepakwa juu ya ubao wa mwaloni. Saskia ameonyeshwa kwa upande, kofia nyekundu ya mahameli yenye unyoya, lulu, nguo za fahari za zamani ambazo hakuna aliyezivaa Amsterdam wakati ule. Rangi za siku hizo hazikuwa za mkebe kama za mjomba. Zilisagwa karakanani na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani: nyeupe ilitoka kwenye madini ya risasi, nyeusi kwenye mifupa iliyochomwa, manjano na wekundu wa udongo kutoka ardhini. Desturi yake Rembrandt ilikuwa kuanza na tabaka jembamba la rangi ya udongo, kisha kuacha vivuli viwe vyembamba hata ule udongo wa chini upenye, na kujaza rangi nzito pale mwanga unapoanguka. Ndiyo maana lulu na dhahabu katika picha zake zinaonekana kama unaweza kuzing'oa kwa ukucha, na giza linaonekana kama halina mwisho. Mjomba nilipomweleza jambo hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema kumbe yeye siku zote amefanya kinyume, giza amelipaka mara tatu na mwanga mara moja.

Tarehe 5 Juni 1642 Saskia aliandikisha wasia wake. Hesabuni: ni miaka tisa kamili tangu siku ya uchumba. Alimwachia Titus nusu yake ya mali, na Rembrandt akaruhusiwa kuitumia maadamu hajaoa tena. Tarehe 14 Juni akafariki, hajatimiza miaka 30. Alizikwa katika Oude Kerk, kanisa kongwe la Amsterdam. Mwaka huohuo Rembrandt alimaliza ile picha yake maarufu ya askari wa mji, ambayo watu huiita Zamu ya Usiku. Husemwa ati picha hiyo ilikataliwa na ndiyo iliyomfilisi. Huo ni uzushi, picha ilipokewa na kulipiwa.

Yaliyofuata nitayapitisha mbio, na mengine hayamletei sifa. Alimweka nyumbani Geertje Dircx, yaya wa Titus. Walipogombana, Geertje alimshtaki mwaka 1649 kwa kuahidi ndoa na kuvunja ahadi. Rembrandt alishiriki katika kumfungisha kwenye nyumba ya adhabu ya wanawake huko Gouda, akakaa miaka. Sijui nifanye nini na habari hiyo. Mkono uliomchora Saskia mgonjwa kwa huruma kiasi kile ndio huohuo. Kisha akaishi na Hendrickje Stoffels, wakapata binti mwaka 1654, naye akaitwa Cornelia. Hawakuoana, na ule wasia wa Saskia ulikuwa mojawapo ya sababu.

Madeni yakamfika shingoni. Ile picha ya Kassel alikuwa ameshamuuzia rafiki yake Jan Six mnamo 1652. Mwaka 1656 akatangazwa kufilisika, vitu vyake vikapigwa mnada na nyumba ikaenda. Na mwaka 1662, alipokosa pesa, aliuza kaburi la Saskia.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu. Nilikaa navyo siku kadhaa, hasira na kile kitabu. Sisi nyanya yetu amelala Kikowani, na hakuna mwenye kuthubutu hata kusogeza jiwe. Baadaye nilifikiri jambo moja tu: kaburi aliliuza, picha ya mahameli aliiuza, lakini siku ya tatu hakuirudia wala asingeweza kuirudia, na ipo mpaka leo Berlin, kwenye jumba la makumbusho, sentimita kumi na tisa za ngozi.

Hendrickje alikufa 1663. Titus alikufa 1668, mwaka huohuo alipooa. Rembrandt mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba 1669, akazikwa katika kanisa la Westerkerk kwenye kaburi la kukodi lisilo na jina.

Mimi sina kijiti cha fedha, na ile pete nimeirudisha kwa mwenyewe kabla haijatambulikana kuwa ilitoka. Natumia kalamu ya biki, maana nayo haifutiki. Siku hizi mama ndiye anayekaa Feri mahali pa nyanya, na Jumamosi nikimaliza kumsaidia huketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, upande wa kushoto wa beseni, nikamtazama. Yeye tofauti na nyanya hajali kutazamwa, ila hatulii. Anahesabu chenji, anaitana na wabeba mizigo, anafukuza nzi. Mpaka sasa nina kurasa kumi na moja, na katika zote sikio liko juu mno. Mkunjo wa mdomo nimeshauona. Ni kulia.